Beseni la Kuazima

Wapendwa, mmeshawahi kuona mti unaozaa mpaka mwenyewe anachoka? Mama mmoja huko milimani alikuwa na mti wa mapeasi wa namna hiyo. Mwaka huo mvua ilikata barabara, wachuuzi hawakupanda mlimani kununua, na mapeasi yakajaa kwenye ndoo, kwenye masufuria, hadi chini ya kitanda. Peasi likishalainika, siku tatu tu linakuwa la nzi. Na mama yule, namsifu kwa hili, alikuwa hawezi kuona chakula kinaoza akanyamaza.

Akaanza kugawa. Mnaijua desturi yetu: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Bakuli lilikwenda na mapeasi, likarudi na maharage, au mayai mawili, au chumvi kidogo. Bakuli moja tu lilirudi na mapeasi yake yote. Lililetwa na jirani wa bondeni, mjane mwenye watoto wanne.

"Asante mama, sisi tumeshiba," alisema, akaondoka upesi.

Mama alikasirika. Ananiringia huyu! Alinuna kutwa nzima. Jioni, akianua nguo, akatupa jicho bondeni. Jiko la mjane halikuwa na moshi. Hata jana yake halikuwa nao. Hasira zikamwisha palepale. Jamani, mtu asiye na hata kiganja cha unga, bakuli la watu atalirudisha na nini?

Ningekuwa mimi, ningemshushia gunia zima na mahubiri juu yake. Yeye alishuka mikono mitupu, akapiga hodi.

"Jirani, niazime beseni lako. Vyombo vyangu vyote vimejaa mapeasi, sina hata cha kufulia."

Uso wa mjane ukachanua. Ni lini mara ya mwisho mtu alikuja kwake kuomba kitu?

"Chukua mama! Kaa nalo hata wiki."

Asubuhi beseni likarudi, mapeasi yamejaa mpaka yanadondoka.

"Mama, si nilikwambia sisi..."

"Kwani hili si beseni lako? Ulitaka nilirudishe tupu, kijiji kizima kinicheke?"

Mjane akacheka, machozi yakamtoka, akapokea. Keshokutwa yake mama akashuka tena kuazima. Akaazima hivyo mpaka mti ukabaki majani.

Sasa tuje kwetu sisi. Tunatoa, sikatai. Lakini tunataka maskini anyooshe mkono kwanza, tena tuuone vizuri, na ikiwezekana majirani nao wauone. Mama huyu mwenye mapeasi ya kumwaga ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Nyumbani kwako kuna kilichozidi, na unamjua jirani ambaye jiko lake halitoi moshi. Ukitoka hapa leo, usimpelekee kitu bado. Nenda kwanza ukaazime beseni.