Pale Kinanda Kiliponyamaza

Mtu mmoja alikuwa na kinanda, na hakuweza kukaa kimya mbele yake. Aliitwa Mbaruku. Alipiga jazi ya kuchanganya, yenye gitaa la umeme na tarumbeta, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko subira yake. Alitengeneza albamu kwa ushirika na Shekue, mpiga tumba, zile ngoma ndefu za mkono, aliyejifunza Kuba, ambaye alikuja na wenzake wawili wa ngoma. Jalada lingebeba majina ya wote wawili, Mbaruku na Shekue.

Ngoma za Kuba hutembea juu ya vijiti viwili vinavyogonganishwa. Hugongwa mara tatu, kisha mara mbili. Mapigo matatu huuliza, mawili hujibu. Vyombo vyote hujipanga juu ya swali hilo na jibu lake, hata pale ambapo vijiti havisikiki.

Wimbo wa mwisho ulikuwa na mahali ambapo kinanda kilinyamaza na tumba zikabaki zenyewe. Palikuwa pafupi, pumzi moja tu. Lakini kila waliposikiliza rekodi na kufika hapo, Mbaruku alisimama, akaketi, akasimama tena. Yeye aliona pengo. Wenzake walipokwenda kula, alimwamuru fundi wa mitambo ya kurekodi apakate, apafute, kisha auunge wimbo. Kiungo hakikusikika. Mbaruku akaridhika.

Wapiga ngoma waliporudi, walianza kuongeza vijiti na kengele juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa. Ulikwenda vizuri hadi katikati, kisha ukapinda. Vijiti vya Shekue viliuliza mahali palipotakiwa kujibu, na kengele ikagongana na tarumbeta. Walirudia, ukapinda palepale.

"Jamani, wali umewalemea?" Mbaruku alisema.

Walicheka kidogo, wakarudia, wakakosa. Shekue, ambaye hakuwahi kupotea ndani ya wimbo, akaanza kuitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Fundi hakuweza kuvumilia zaidi. Akaeleza alichoamriwa kufanya.

Shekue aliweka vijiti chini. "Bwana Mbaruku, pale uliponyamaza ndipo tulipokuwa tunakujibu. Sasa umebaki unauliza peke yako. Wimbo ukitoka hivi, jina langu lifute."

Kilichofutwa hakikuweza kurudishwa. Ilibidi waupige wimbo wote upya, tangu mwanzo. Walipofika pale, Mbaruku aliweka mikono mapajani. Tumba zikaingia, zikasema yote ziliyokuwa nayo, naye akakaa. Hakupapenda mahali pale hata siku albamu ilipotoka. Alipavumilia tu.

Nanyi mnaoharakisha kuziunga siku zenu pale mliponyamazishwa, mkishapafuta, mtajibiwa wapi?