Chasi Moja, Majina Matatu

Palikuwa na mwenye karakana, jina lake Ambakisye, aliyeunda magari madogo ya aina tatu. Tausi lilikuwa gari la wakubwa, lenye viti vya ngozi na nikeli inayong'aa. Chiriku lilikuwa la vijana, fupi, jekundu, lenye kelele. Njiwa lilikuwa la watu wa kawaida, wauza mikate na wakunga na walimu. Jeupe lote, na viti vyake vya kitambaa.

Lakini nyuma ya karakana, mahali ambapo mnunuzi hafiki, fundi Lusajo alichomelea chasi za namna moja tu. Urefu ule ule, chuma kile kile, maungio yale yale. Zikishapoa zilisukumwa kuelekea milango mitatu, na kila mlango ukazivika bodi yake na kuzipa jina. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya Ambakisye: mifupa ile ile, nguo tatu. Kila mlango ulikuwa na mafundi wake, sare yake, na hata birika lake la chai, na mafundi wa Tausi hawakunywa chai pamoja na wa Njiwa. Miaka ikapita hivyo. Ambakisye, aliyeanza kwa kuwadanganya wanunuzi kidogo, akaishia kujidanganya mwenyewe. Akaamini kabisa kwamba ana magari matatu.

Adhuhuri moja ikaja habari kwamba Tausi moja limekatika chasi kwenye mteremko wa mlimani, kwenye ungio lililo chini ya kiti cha dereva. Dereva alipona, ila mguu ulivunjika. Ambakisye alisikitika kwa kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Akaamuru magari yote ya Tausi yarudishwe yakaguliwe. Kisha akala chakula chake, na kwa kuwa aliona ametenda haki, akasinzia kitini.

Akaota. Aliona barabara ya mlimani imejaa ukungu, na magari yanashuka polepole bila sauti. Upepo ulikuwa ukiyavua, milango, vioo, rangi, kama unavyoanua nguo kambani. Yakabaki machuma matupu, mamia kwa mamia, yanayofanana, na juu ya kila moja ameketi mtu mwenye mikono usukanini, anatabasamu, hajui kwamba hana kitu chochote kinachomfunika. Ambakisye alitaka kuyaita magari yake kwa majina, akakuta hana jina la kuita. Hakuogopa. Alizinduka ametulia, akaona ni ndoto nzuri.

Lusajo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mzee, nimesikia yanarudishwa magari ya Tausi peke yake," alisema. "Mimi sijawahi kuchomelea chasi ya Tausi. Nachomelea chasi."

Ambakisye aliinuka kitini. Binti yake wa pekee, Tusekile, alifundisha shule ng'ambo ya mlima, na kila siku vipindi vikiisha alirudi kwa mteremko ule ule, ndani ya Njiwa jeupe alilopewa na baba yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alimpigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Akashikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe.

Alichukua lori la karakana akapanda mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka kweli, na kutoka ndani yake magari yake yalimjia moja moja. Likaja Njiwa la muuza mikate. Likaja Chiriku lenye vijana wanne wanaoimba. Likaja Njiwa jingine, ndani yake mama na mtoto aliyelala. Watu walimtambua, wakampungia mkono, naye akawapigia honi wampishe. Hakuwachukia. Hakuwaona tu, kwa sababu macho yake yalikuwa yakitafuta uso mmoja.

Alimkuta Tusekile kwenye uwanja wa shule, anapakia madaftari garini, tayari kuondoka. Alimkumbatia, akalia mbele ya wanafunzi bila kuona haya. Kisha akalala chali chini ya gari, akapapasa ungio lile lililo chini ya kiti cha dereva, akakuta ufa mwembamba kama unywele. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akasimama na vumbi mgongoni, akamweleza binti yake mambo yote tangu mwanzo.

Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuwa na ile furaha ambayo baba yake aliitarajia. Aliitazama barabara inavyopotelea ukunguni, huko chini ambako magari yalikuwa bado yanashuka.

"Baba," alimwuliza, "wale uliopishana nao, umewaambia?"

Ambakisye naye akageuka, akaitazama ile barabara.

Nanyi mliofika hapa leo mkiwa salama, na wa kwenu wakiwa salama, njiani mmepishana na wangapi?