Sultani wa Shaba Aliyemwoa Bi Salmini

Katika mji wa Fairuzi alitawala Sultani Ghassani bin Mundhiri, mtu mwadilifu mwenye hasira za karibu, na ng'ambo ya mto alipakana na Sultani Kahramani, ambaye hakuwa mwana wa Adamu. Aliyekuwa sultani wa kule alikufa bila mrithi, na jini Dahmurani akafua shaba kwa sura ya marehemu na akaitia ulimi na akili ya kupima mambo, akaiketisha katika kiti cha enzi, na raia wakaizoea, maana haikulala wala haikuonea mtu.

Ikawa mwaka mmoja tauni ikaingia Fairuzi na ikafagia askari, na kabla matanga hayajaondoka zikaja habari kwamba Kahramani anashuka mtoni na jeshi lake.

"Nimemkosea nini?" akanguruma Sultani Ghassani barazani. "Juzi tu kaniandikia salamu za Idi!"

Akasimama Badawi, tarishi aliyepeleka barua baina ya miji ile miwili kwa miaka ishirini, akasema, "Maulana, hukumkosea, wala yeye hana chuki. Huangalia ngome ya jirani. Ikiwa na watu hutuma salamu, ikiwa tupu huja. Lakini katika umri wangu sijamwona akipigana na wakwe zake."

Watu wote wakamtazama Thurea, binti pekee wa Sultani, na Thurea akainamisha uso na machozi yakamtoka.

Ndipo shangazi yake Sultani, Bi Salmini, mjane wa waume watatu na umri wake miaka sabini na mmoja, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mwacheni mtoto. Mimi je?"

"Shangazi, utatuchekesha mbele ya watu," akasema Sultani.

"Haulizi umri, Maulana," akasema Badawi. "Huuliza nasaba."

Sultani akakubali, na Badawi akapanda farasi akamkuta Kahramani kandokando ya mto, nusu ya jeshi imekwisha kuvuka, akamsomea barua ya kumwoza Bi Salmini. Yule wa shaba akauliza,

"Ni binti wa sultani?"

"Binti wa sultani, dada wa sultani, shangazi wa sultani."

"Nimekubali," akasema Kahramani, na jeshi likageuzwa pale pale majini.

Arusi ikafungwa, na Sultani Ghassani akamfanya Badawi waziri na akampa mali nyingi, na Thurea akaulizwa kama anamridhia Badawi awe mumewe, akasema amemridhia, wakaoana.

Bi Salmini akakaa kule miaka kumi na mmoja kwa heshima zote. Siku moja, akiumwa, na mumewe amemshikia kikombe cha maji, akamwuliza, "Nikifa utawafanya nini watu wangu?"

"Mkataba utakufa nawe," akajibu kwa upole ule ule. "Nitaangalia ngome yao."

Bi Salmini akanywa maji, na alipopata nguvu akamwandikia mpwawe neno hilo kama lilivyosemwa. Naye Sultani Ghassani, ambaye kwa amani ile ndefu alikuwa amelegea, akaandikisha vijana na akajenga kuta zilizobomoka.

Bi Salmini alipofariki Badawi akaenda kuzika, na Kahramani akamwuliza, "Wafiwa hufanya nini?"

"Hukaa matanga siku tatu, na hulia."

"Kulia siwezi."

Akakaa siku tatu kwenye jamvi pamoja na watu, na siku ya nne akainuka na akatuma mpelelezi Fairuzi. Mpelelezi akarudi akasema kuta zimejaa watu. Kahramani akaita mwandishi, na Badawi akarudi kwao na barua ya kuuliza kama nyumba ya Sultani Ghassani ina bibi mwingine wa kuozwa.

Basi enyi wasikivu, anayekupenda kwa mizani usimtukane wala usimlalie mlango wazi. Mpe haki yake, na ukuta wako uujenge mwenyewe.