Mkato wa Mzee Singano

Apeni kwanza kwamba hamtamwambia mtu. Mimi pia niliapa, lakini siri hii inanichoma ulimi, basi sikieni.

Kwenye kijiji kimoja, baba akifa, mwanawe hupimwa kwenye mwimo wa mlango. Akiufikia mkato wa kimo cha baba yake, anarithi nyumba, asipoufikia, anafukuzwa. Kupaza alikuwa mfupi kwa vidole vinne kuliko baba yake, marehemu Mzee Singano, na wazee wangekuja adhuhuri kumpima.

Akaufuta mkato kwa kisu, akachonga mwingine chini yake. Mwimo ukanong'ona, "Kupaza mwanangu, mbona wanikata?" Nywele zikamsimama. Akajipima: bado vidole vinne! Akachonga chini zaidi.

"Mwanangu, mbona wanikata?"

Bado vidole vinne, na kanzu yake sasa ilikuwa inaburuzika chini. Akachonga mara ya tatu, huku analia. Safari hii mwimo ulinyamaza, na komeo la mlango lilikuwa juu kama paa.

Mlango ukasukumwa. Wazee wote, majirani wote, na mbele yao mkewe, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"We Kupaza!" akapiga ukelele, akiinama kama mtu anayemtazama mtoto anayetambaa. "Hicho kisu cha nini?"