Ndama wa Chupa ya Pili

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, maana dawa za dukani zilikuwa zimeshapanda mpaka kwetu milimani Upareni, palikuwa na mjane akiitwa Nakunda. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, naye ana mimba. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yalikuwa chakula cha nyumba nzima: yeye, mjukuu wake, na Mbonea, mke wa mwanawe.

Basi ng'ombe akaugua. Akaharisha, manyoya yakasimama, mbavu zikahesabika. Bwana mifugo akaja, akaacha chupa mbili. Akasema, "Moja leo, ya pili keshokutwa. Maelezo yako kwenye karatasi ya chupa." Akaenda zake ng'ambo ya mlima.

Sasa watu wa pale wana desturi yao. Dawa ya mizizi ikichemshwa huachwa itulie, machicha yakae chini. Maji ya juu ndiyo dawa. Machicha hutupwa. Nakunda akafanya hivyohivyo. Chupa akaiweka juu ya kabati, akakataza mtu kuigusa.

Mbonea akasema, "Mama, hii tungeitikisa kwanza."

"Kwani ni mtindi?"

"Kule Moshi nilipokuwa nauza juisi..."

"Ng'ombe wangu hakuagiza juisi, mwanangu."

Mbonea akaenda zake jikoni. Mke wa mtu habishani na mama mkwe.

Nakunda akamimina maji ya juu, ng'ombe akanywa. Uji mweupe wa chini akautupa nyuma ya nyumba. Siku ya pili ng'ombe akalala, hainuki. Ikabaki chupa moja.

Nakunda akakaa mlangoni, akasema majirani wote wasikie: "Atakayenionyesha nilipokosea, ng'ombe akapona, ndama aliye tumboni ni wake."

Akaja Mzee Kadiva. Huyu alianza kisomo cha watu wazima akiwa na mvi kichwani, na watoto wakamcheka akibeba daftari. Akaichukua chupa, akaigeuza kwenye jua. Maandishi yote ya Kiingereza, madogo kama sisimizi. Lakini neno moja limeandikwa kubwa, kwa wino mwekundu. Kadiva akalifuata kwa kidole, herufi moja moja: S, H, A, K, E.

"Unajua maana yake?" Nakunda akauliza.

"Sijui. Ila mtu haandiki neno kubwa hivi, tena jekundu, ili kupamba chupa."

Akaliandika kwa mkaa kwenye kipande cha ubao, akateremka nalo mpaka kwa Senzige, fundi seremala. Senzige ndiye peke yake aliyekuwa na kamusi. Akapanguza vumbi la mbao mikononi, akafungua kurasa, wakapanda wote kwa Nakunda.

"Linatamkwa sheki," Senzige akasema. "Maana zake ni nyingi. Kutikisa. Kutetemeka. Kupeana mkono wakati wa kusalimiana."

"Tumsalimie ng'ombe?" Kadiva akauliza.

"Mzee, usinichekeshe mbele ya mgonjwa. Mimi naona ni kutetemeka. Tazama, ng'ombe anatetemeka. Labda wanaonya kwamba akitetemeka asipewe."

Wakatazamana. Ukimnyima dawa, anakufa. Ukimpa kinyume cha onyo, anakufa pia.

Mbonea alikuwa anaosha vibuyu. Akasema bila kuinua uso, "Sheki? Hilo tajiri wangu kule Moshi alinipigia kelele nalo kila asubuhi. Juisi ikikaa, embe linashuka chini, juu yanabaki maji. Mteja anakunywa maji. Akisema sheki, mimi natikisa chupa."

Nakunda akaitazama chupa. Uji mweupe umekaa chini, juu maji matupu. Akampa Mbonea. Mbonea akaitikisa mpaka ikawa nyeupe yote, wakamnywesha ng'ombe. Kesho yake akainua kichwa. Siku ya tatu akasimama, akala majani ya mgomba. Mvua zilipokuja akazaa ndama jike, mwekundu, mwenye doa kwenye paji.

Wakaja Kadiva na Senzige, Mbonea naye akatoka ndani, kila mmoja akimdai ndama.

Kadiva akasema, "Neno lilikuwa pale siku zote, na nyinyi mnalipita. Nisingelisoma, lingetupwa na chupa."

Senzige akasema, "Ulisoma herufi, mzee, hukusoma maana. Maana ya kutikisa ilitoka kwenye kitabu changu."

"Na ukachagua kutetemeka," Mbonea akasema. "Mimi sijui hata a. Lakini nilisema itikiswe siku ya kwanza kabisa. Mama ni shahidi."

"Ulisema kweli," Senzige akajibu, "lakini nani alikusikiliza? Umesikilizwa baada ya kitabu kusema."

"Basi nikoseshwe kwa sababu sikusikilizwa?"

Kadiva akamshika ndama sikio taratibu. "Mimi miaka sitini na mitatu sijawahi kuwa na ng'ombe," akasema.

Nakunda akasimama katikati yao. Ahadi aliitoa kwa mdomo wake, majirani wote wakasikia. Ndama ni mmoja, na kamba ni moja, imo mkononi mwake.

Nanyi mlionisikiliza, kamba hiyo ingekuwa mkononi mwenu, je, mngemkabidhi nani?