Farasi wa Kauboi Asiyekuwepo

Sogeeni, lakini msinikatize. Kesi hii imenishinda, nami si mtu wa kukubali kushindwa haraka. Basi naileta kwenu.

Zamani kidogo huko Marekani, sinema zilipojaa makauboi wanaoimba, mmoja alipendwa kuliko wote: Colt Danvers. Sura anayo, sauti anayo, na farasi anampanda kama aliyezaliwa juu ya tandiko. Taabu ni moja tu: Colt Danvers hakuwepo. Alikuwa watu watatu.

Sura ilikuwa ya Harlan Teague. Akitabasamu, watoto wa nchi nzima humtii. Ila kuimba hajui, na farasi anawaogopa.

Sauti ilikuwa ya Ezra Tolliver, mwimbaji wa kanisani, mtu mweusi. Siku hizo wenye sinema walilitaka koo lake, uso wake wakauficha nyuma ya pazia. Aibu hiyo ni yao.

Mbio na kuruka vilikuwa vya Consuelo Baca, binti wa wafugaji wa New Mexico. Alivaa nguo za Colt, akaficha nywele ndani ya kofia, na kila Colt alipoanguka, mbavu zilizovunjika zilikuwa zake.

Siku moja walipelekwa kwenye uwanja wa maonyesho wa mji mmoja huko Oklahoma. Harlan kakaa juu ya farasi wao, Jubilee, anachezesha midomo. Ezra anaimba nyuma ya pazia. Consuelo yuko kando, anangoja zamu ya mbio. Mpiga picha wa gazeti akawasha taa yake, pwaa! Jubilee akashtuka, akamtupa Harlan chini, akatimua mbio kuelekea kwenye benchi za watoto.

Harlan akainuka na vumbi lake. "Kaeni hapo hapo! Asikimbie mtu!" Watoto wakatulia tuli, maana aliyesema ni Colt. Wangetawanyika, wangekanyagwa.

Ezra akatoka nyuma ya pazia huku akiimba ule ule wimbo ambao Jubilee aliuzoea. Farasi akageuza masikio, mwendo ukapungua.

Consuelo akaruka ua, akadaka hatamu, akaburutwa hatua kumi. Jubilee akasimama mbele ya benchi la kwanza.

Hakuumia mtoto hata mmoja. Lakini watu wameona: Colt mmoja kafumba mdomo, wa pili anaimba, na wa tatu kofia imemdondoka, nywele hadi kiunoni! Kesho yake magazeti yakapiga kelele: "Tumedanganywa!" Wazazi waliookolewa watoto wao ndio hao hao waliochoma picha za Colt. Shukrani ya punda ni mateke. Wenye sinema wakafunga kazi, wakaamuru Jubilee apelekwe kwa mchinjaji, kwa kuwa hana tena wa kumlisha.

Wale watatu wakakimbilia mahakamani. Mkataba wao na wenye sinema ulisema sinema zikikoma, farasi ni wa Colt Danvers.

"Mheshimiwa," akasema Harlan, "watoto waliitii sura hii. Leo nikipita mitaani nazomewa. Sijabakiwa na kitu kingine cha kuonyesha kwamba niliwahi kupendwa."

"Mheshimiwa," akasema Ezra, "miaka saba nimeimba bila jina. Kati ya wote walionisikia, farasi huyu peke yake ndiye aliyejua sauti ni ya nani."

Consuelo hakuwa na maneno mengi. "Nimemlea tangu akiwa mdogo. Usiku akiugua, nani huamka?"

"Farasi hakatwi vipande," akasema hakimu, "na ninyi kila mmoja anarudi jimbo lake. Nitaandika jina moja."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka wenzake wakose, na hakuna aliyekuwa tayari kukosa.

Hakimu akachovya kalamu kwenye wino. Nje, mchinjaji ameshashika kamba. Haya, kalamu nakupa wewe: ungeandika jina la nani?