Matanga ya Mzee Aliye Hai

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kama watu, siyo kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilikuwa na mzee aitwaye Ngulinje. Meno machache, miguu mizima. Fimbo yake, ko! ko! ko! Asubuhi yuko mtoni, mchana yuko ng'ambo.

Siku moja akawaambia wanawe, "Nataka kwenda kuuona mlima wenye kichwa cheupe. Wasafiri wanasema kule maji yanakuwa magumu kama jiwe. Nataka niyaguse kwa kidole hiki."

Limbende, mwanawe mkubwa, akaruka. "Baba! Kwa umri huo?"

"Ndio nilio nao. Una mwingine uniazime?"

"Ukifia njiani nani atakuzika? Nani atakulilia? Uliwe na fisi, sisi tuchekwe? Kaa. Fulstopu."

Maana kijijini pale, mtu kufia ugenini bila kuzikwa na watu wake ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo wazee walikaa. Walikaa, walikaa, walikaa, mpaka wakafa wamekaa. Mambo ya hovyo! Kijana anaambiwa subiri, huna eksipiriensi. Akishaipata anaambiwa kaa, umezeeka. Sasa mtu atembee lini?

Ngulinje akakaa. Mvua zikapita, magoti yakaanza kulia, kwi! kwi! Akajua: nisipokwenda mwaka huu, siendi tena.

Akaenda kwa mtani wake, Bi Achitenje, ajuza wa rika lake. Mnamjua mtani: anakutukana hadi msibani, nawe huruhusiwi kununa. Tena msibani yeye ndiye bosi.

"Umekuja kufia kwangu, kikongwe?" akauliza Achitenje.

"Nimekuja unizike."

"Siku zote ulikuwa wapi?"

Wakacheka, wakanong'ona, wakasuka plani.

Kulipokucha, uwiii! uwiii! Achitenje huyo njiani, kajifunga kaniki. "Ngulinje amekufa! Mlafi amekufa! Kuku wetu sasa watapumua!" Watu wakaja mbio. Wakamkuta marehemu kalala mkekani, anakonyeza.

"Baba, mchezo gani huu?" Limbende akafoka.

"Nyamaza wewe," akasema Achitenje. "Mtani akishatangaza msiba, nani wa kuufuta? Lia!"

Kweli, hakuna. Desturi ni desturi. Mbuzi wakachinjwa, vyungu vikatokota, tokoto! tokoto! Achitenje akavaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake, akaiga anavyokoroma. Watu wakacheka hadi wakatoka machozi. Wakauvisha mgomba shuka la mzee, wakauzika badala yake, kama azikwavyo aliyepotelea mbali.

Limbende naye akalia, kwanza kwa hasira. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Baba alinivusha mto mgongoni. Nikamkojolea, na hakunishusha."

Marehemu akayasikia yote. Nani mwingine amewahi kupata bahati hiyo?

Matanga yalipoanuliwa, Ngulinje akajikung'uta, akashika fimbo. "Mmenizika. Mmenililia. Nyama mmekula. Nikifa huko, aibu iko wapi?"

Limbende akainuka. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji na nguo nzito. "Kule kuna baridi, baba."

Ko! ko! ko! Mzee huyo, akaenda.

Alirudi wakati wa mavuno, amekonda, anang'aa. "Nimeyagusa! Yanauma kama moto!" Akasimulia hadi wasikilizaji wakasinzia, akawaamsha, akasimulia tena.

Asubuhi iliyofuata Limbende akafungua mlango. Lo! Wazee wa kijiji kizima wamejaa uani, kila mmoja na mkeka kwapani.

"Shikamooni. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kufa," akajibu mmoja. "Mimi nataka kuliona ziwa."

"Mimi nataka kwenda kokote kule, mradi kusiwe hapa."

Bi Achitenje akawapiga kumbo wote, akatandika mkeka wake mbele kabisa, akalala chali. "Foleni nyuma yangu! Mimi nazikwa kwanza. Ngulinje, unangoja nini?"

Ngulinje akajifunga kaniki kiunoni, akavuta pumzi.

"Uwiii! Jamani, mchawi amekufa!"

Mwaka ule kijiji kilikula nyama ya matanga mpaka kikavimbiwa, na njiani kulisikika fimbo tu, ko! ko! ko!

Mwenye miguu msimkalishe. Kaburi litamkalisha, tena bila kuombwa. Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyekaa na ainuke.